Glovu za Kipa Zinunuliwe na Nani?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo bajeti ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi hubandikwa ubaoni, nami huisoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya sapu. Jezi zipo. Mipira ipo. Nauli ya kwenda Iringa kwa mechi za kirafiki ipo, posho ya waamuzi ipo, maji na glukosi vipo, na mwaka jana hata vuvuzela zilipata mstari wao. Glovu za kipa hazimo. Mwaka juzi pia hazikuwemo. Ukimuuliza mhusika anakujibu kwa maneno matatu ambayo sasa yamekuwa kama kanuni: "Kipa ana zake."

Ana zake kutoka wapi? Beki hanunui jezi yake. Straika haji na mpira kutoka kwao. Lakini kipa, ambaye kazi yake yote iko viganjani, anatakiwa ashuke Mwanjelwa na bumu lake mwenyewe achague kati ya glovu na wiki mbili za msosi. Nadakia timu ya kitivo kwa mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo mnaweza kusema najipigia debe. Sawa, najipigia. Ila mwakani sipo, na hoja itabaki palepale: glovu ni kifaa cha timu kama mpira ulivyo kifaa cha timu. Chama kizinunue. Na kizinunue kikijua kinanunua nini, maana glovu mbaya ni afadhali pesa ikabaki benki.

Wanaotetea desturi hii wana karata moja nzuri, nami naiweka mezani kabla hawajaiweka wao. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inaorodhesha vitu ambavyo mchezaji lazima avae: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Glovu hazimo. Kipa akiingia uwanjani mikono mitupu, mwamuzi hana la kusema, mradi tu rangi ya jezi yake inamtofautisha na wengine. Kisheria basi glovu ni hiari, na kwenye bajeti zetu kitu cha hiari ndicho kinachochinjwa wa kwanza.

Sasa linganisha na kriketi. Hosteli kwetu kuna jamaa aliyesoma Dar, na huko alikuwa mlinda wiketi, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu kusubiri mpira uliompita mpigaji. Huku Mbeya hana pa kuchezea, lakini glovu zake bado anazo, zimening'inia kwenye msumari juu ya kitanda kama picha ya familia. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Kriketi ina sheria nzima, ya 27, inayomhusu mlinda wiketi peke yake, na ndani yake glovu zimeelezwa hadi utando: kusiwe na utando katikati ya vidole isipokuwa kati ya gumba na kidole cha shahada, na huo nao usivuke mstari ulionyooka kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya gumba. Katika wachezaji wote 11 wanaozuia, ni yeye tu anayeruhusiwa kuvaa glovu. Yaani wale watu walikaa chini wakafikiria mikono ya mtu mmoja mpaka kwenye kipande cha ngozi kinachounganisha vidole viwili! Sisi kwenye kikao cha bajeti hatukufika hata kwenye neno lenyewe.

Mpira wao ni mdogo na mgumu, gramu 156 hadi 163 kwa wanaume. Wetu ni laini zaidi ila ni mzito, gramu 410 hadi 450 kabla ya mechi kuanza. Kidole hakijali ni upi uliokikunja.

Karata ya pili huchezwa vijiweni, na hiyo haina sheria nyuma yake, ina hadithi. "Kipa ni mikono, bwana, siyo glovu." Halafu anatajwa Ricardo wa Ureno. Ni kweli. Robo fainali ya Euro 2004, pale Lisbon, Ureno na England walitoka sare ya 2-2 wakaenda kwenye penalti. Ricardo akavua glovu, akaokoa penalti ya Darius Vassell kwa mikono mitupu, kisha akachukua mpira akapiga yeye mwenyewe, akafunga, mechi ikaisha. Hadithi tamu kweli. Ila angalieni vizuri kilichotokea. Alizivua mwishoni, baada ya kudaka nazo dakika zote 120, kwenye nyasi zilizonyweshwa maji. Hakuna aliyemwambia aanze nazo mfukoni. Na mpira wa penalti mara nyingi unapanguliwa, haudakwi. Huhitaji kuushika, unahitaji kuufikia. Njoo umuulize Ricardo kama angedaka krosi 20 za mvua ya Machi, kwenye kiwanja chetu cha changarawe, kwa ngozi yake mwenyewe.

Zamani walidaka hivyo, hilo siwezi kulikana. Makipa wengi wa vizazi vilivyopita walisimama golini mikono mitupu, na siku za mvua baadhi yao walivaa glovu za sufu. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1970, na jina linalotajwa zaidi ni Sepp Maier wa Ujerumani Magharibi, aliyechukua Kombe la Dunia la 1974 akiwa na mikono mikubwa ya kutengenezwa maalumu ambayo watu waliicheka kwanza, kisha wakaiiga. Tangu hapo mchezo wenyewe umebadilika. Mipira imekuwa laini na inayumba hewani, na mashuti yanapigwa kutoka mbali. Huku kwetu nyanda za juu kuna la ziada: Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo shuti la mbali linakufikia likiwa bado na nguvu. Timu ngeni zikija Sokoine huwa zinalalamikia pumzi. Makipa wao nadhani wangelalamikia na hilo, wakiulizwa. Beno Kakolanya, aliyedakia Tanzania Prisons ya hapahapa kabla ya kwenda Yanga na baadaye Simba, alikulia kazini kwenye hewa hii.

Niseme sasa kilichonifanya niandike mwaka huu na siyo mwaka jana.

Timu yetu ya wasichana ina kipa wa mwaka wa pili, namwita dada hapa kwa sababu sina ruhusa ya kumtaja. Hakuwa na glovu. Siku za mechi alikuwa anaazima za kipa wa timu ya wanaume, namba 10. Mkono wake ni wa namba 8. Wiki tatu kabla ya UE, kwenye mazoezi ya kawaida kabisa, lilipigwa shuti ambalo hata halikuwa kali, akanyoosha mkono, mpira ukagonga ncha ya glovu ambayo ndani haikuwa na kidole. Ncha ile tupu ikakunjika kwenda nyuma, ikavuta kidole cha pete pamoja nayo. Kilivunjika. Mkono wa kulia. Aliandika mitihani yake kidole kikiwa kimefungwa kwenye kibanzi, kalamu ameishika kwa gumba na shahada, na mtihani wa hesabu aliumaliza ukiwa na ukurasa mzima ambao msahihishaji angehitaji tochi kuusoma. Sitaki kudanganya mtu: glovu inayomtosha isingempa hakikisho kwamba mfupa hauvunjiki. Makipa wa kulipwa nao huvunjika vidole. Lakini glovu iliyomzidi namba mbili haikumlinda. Ilimwongezea vidole ambavyo si vyake, na mpira ukavipata.

Ndiyo maana nasema kununua tu haitoshi. Kesho chama kikikubali hoja yangu, kikamtuma mtu akaleta jozi mbili za namba 10 za bei poa, tutakuwa tumerudi kulekule, safari hii kwa risiti.

Kwa hiyo mtu atakayetumwa asikilize. Aanze na futi ya fundi cherehani. Unaizungusha kwenye kiganja, juu ya vifundo vya vidole vinne, gumba linabaki nje. Unasoma kwa inchi, unaongeza moja. Mkono wa inchi 8 unavaa namba 9. Ukipata na nusu, unapanda juu, hushuki. Ukishavaa, kidole kirefu kibakize nafasi ndogo mbele yake, kama sentimita 1 hivi. Kikigusa ncha kabisa, mshono utapasuka na kucha itauma. Kikiacha nafasi kubwa, mmesikia habari ya dada. Mikono ya wasichana wengi wa timu yetu inaangukia namba 7 na 8, na hizo ndizo zisizopatikana haraka mjini. Muuzaji atakwambia "chukua hii 9, utaizoea." Kidole hakikui kwa mazoea.

Halafu kiganja chenyewe. Glovu ya kweli ya kipa ina lateksi, ule mpira laini wenye vinyweleo vidogo, unene wa milimita 3 au 4, umebandikwa juu ya sponji. Pale Mwanjelwa utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni mpya, ya rangi kali, bei elfu 15 hadi 20, kiganja kinang'aa. Kikiwa kinang'aa mithili ya kandambili mpya, hiyo siyo lateksi, ni plastiki iliyovaa nguo ya lateksi; mpira ukilowa unateleza juu yake kuliko kwenye ngozi ya mtu. Hiyo iache hapohapo. Ya pili ni mtumba, na hapa watu wanadanganywa na jina. Nembo ni kubwa, mshono ni mzuri, muuzaji anakuapia kwamba imetoka Ulaya, na kweli imetoka Ulaya. Tatizo ni kwamba lateksi inakufa. Ikikaa kavu kwenye robota miezi kadhaa inakauka kabisa. Ibonyeze kwa gumba: iliyo hai inang'ang'ania kidogo halafu inarudi, iliyokufa inabaki na alama, au inaacha unga kidoleni. Ikunje kiganja kwenda nyuma uone kama kuna nyufa. Inuse pia, usione aibu. Kuna siku nilimbonyezea muuzaji mmoja jozi nne mfululizo, akasema, "Mwanachuo, unanunua glovu au unachagua parachichi?" Nikamwambia bro, yote mawili yanabonyezwa. Jozi ya tano ilikuwa hai, akaniuzia elfu 18, nikadakia msimu mzima.

Ya tatu ni mpya halisi, kwenye maduka ya michezo. Nilipoulizia mwezi uliopita ilikuwa kati ya elfu 60 na 90. Hapo ndipo chama kinunue, na hapo kuna mtego mwingine, wa kuchukua ile inayonata kuliko zote. Lateksi laini kabisa, ya kiwango cha makipa wa kulipwa, inanata kama ulimbo ila haina maisha. Kadiri inavyoshika ndivyo inavyokwisha. Wenzetu wanaibadilisha baada ya mechi chache, kwenye nyasi. Kwenye changarawe yetu itaisha kabla semina hazijaanza. Mimi nachagua ngumu kidogo, ile ambayo kwenye maelezo yake imeandikwa ni ya viwanja vigumu au vya nyasi bandia. Unapoteza mnato kidogo, unapata muhula mzima.

Kuhusu vile vijiti vya plastiki vinavyowekwa mgongoni mwa vidole ili visikunjike nyuma, maoni yanagawanyika, nami siko upande wa wanaoviabudu. Vingine ni mkanda tu wa plastiki unaokunjika pande zote mbili, ni pambo. Vya kweli vinakubali kukunja kwenda mbele na kukataa kwenda nyuma, jaribu dukani. Hata hivyo vinaufanya mkono uwe mzito kufumba juu ya mpira. Kwa dada yetu anayerudi kutoka kwenye jeraha ningevinunua bila kufikiri mara mbili. Kwangu, hapana.

Sasa kuandaa, jambo ambalo hata makipa wenyewe hulidharau. Yule jamaa wa kriketi aliniambia kwao glovu mpya huingii nayo kwenye mechi. Unaikunja, unairushia mpira jioni baada ya jioni, mpaka ijue mahali pa kujikunja. Zetu hazihitaji uvumilivu wote huo, lakini nazo zina matayarisho. Glovu mpya hutoka kiwandani na kemikali ya kuhifadhi lateksi, na ukidaka nazo hivyohivyo zitateleza, utasema umeibiwa. Zivae, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kiganja kwa kiganja taratibu mpaka maji yaache kutoa povu, kamua kwa kuminya. Usizinyonge kama shuka. Omo usiiguse, sabuni laini ya kuogea mtoto inatosha, kidogo. Kisha zikauke kivulini, uende nazo mazoezi mawili, ukidaka mipira ya ukutani, kabla ya mechi.

Lateksi inafanya kazi ikiwa na unyevu. Kikavu kinakamata vumbi, na vumbi la Mbeya kuanzia Juni hadi Oktoba mnalijua, linaingia hadi kwenye daftari. Glovu yenye vumbi ni sawa na mkono uliopakwa unga. Ndiyo maana utamwona kipa anatema mate kiganjani, na watu wa jukwaani wanaguna. Dawa yake ni chupa ya maji na kitambaa nyuma ya goli, basi. Hiyo nayo iwe kwenye bajeti, haifiki elfu 2. Iringa kuna upepo juu ya vumbi, huko unalowesha kila dakika kumi. Msimu wa mvua mambo yanageuka: glovu ikilowa chapachapa maji yanakaa katikati ya kiganja na mpira, kwa hiyo unaiminya kila unapopata nafasi, hasa kabla ya kona.

Baada ya mechi zioshwe siku hiyohiyo. Nasisitiza kwa sababu najua maisha ya hosteli: begi linatupwa chini ya kitanda, glovu zimelala na njumu na soksi mbichi, na unalikumbuka Alhamisi. Jasho na udongo vinaila lateksi. Ukizikuta hivyo, utaona viganja viwili vimeshikana uso kwa uso. Ukivivuta, kimoja kinang'oka na ngozi ya mwenzake. Ziweke mgongo kwa mgongo. Na msizianike juani. Baridi ya Juni inatushawishi tukaushe kila kitu haraka, nimeona glovu juu ya jiko la mkaa na nimeona mtu akizipiga pasi, Mungu wangu. Zijaze karatasi za gazeti ndani, zining'inize pana upepo na hakuna jua, ziache siku mbili. Jambo la mwisho ni la kocha zaidi kuliko la fundi: kipa akianguka, ainuke kwa ngumi, asijisukume kwa viganja. Jozi nyingi za chuo hiki hazikuuawa na mashuti, zimeuawa na kuinuka.

Mtu atauliza, haya yote nani atayafanya kama glovu si zake? Mali ya umma haina mwenyewe. Hilo ndilo pingamizi ninaloliheshimu. Tena lina wenzake: kwamba kipa akihitimu ataondoka nazo, na kwamba hakuna anayetaka kutia mkono kwenye jasho la mwenzake.

Jibu nililiona Iringa. Tulikwenda kucheza na chuo kimoja cha kule, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako na Mafinga, tukafika miguu imevimba, wakatupokea kwa kamwene na chai, halafu wakatufunga 1-0. Kipa wao alikuwa wa mwaka wa kwanza. Baada ya mechi nikamwomba nione glovu zake, tabia yangu mbaya, akaniambia si zake. Ni za timu. Zilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja. Wana jozi ya mazoezi na jozi ya mechi, zimeandikwa kwa wino ndani ya mkanda wa kiganja cha mkono, zinakaa chumbani kwa nahodha kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, na kuna daftari: nani kachukua, lini, karudisha zikiwa zimeoshwa au la. Asiyeosha anakaa benchi mechi moja. Nilimuuliza nahodha wao nani alibuni. Akasema hakumbuki, aliikuta. Sehemu hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko bao lenyewe.

La jasho nalo lina dawa, na ni ya yule mlinda wiketi wetu. Ndani ya glovu zake kubwa anavaa glovu nyembamba za pamba, ambazo anazifua kama soksi. Kila kipa anunue za kwake, ni bei ndogo, na asubuhi za Julai hapa zitamsaidia hata kwenda lekcha. Zikivaliwa ndani, glovu ya nje ipimwe mkono ukiwa nazo.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Jozi mbili kwa wanaume, mbili kwa wasichana, tukisema elfu 70 kila moja, ni 280,000. Seti moja ya jezi 20 zilizochapwa majina, kwa bei niliyopewa na mchapaji mmoja hapa mjini ya elfu 25 kila moja, ni 500,000, na jezi tunabadilisha kila mwaka kwa sababu uongozi mpya haupendi rangi ya uongozi uliopita. Sisemi jezi zisinunuliwe. Nasema jezi za mwaka jana bado zinavalika, na kidole cha dada bado hakijanyooka sawasawa.

Kamati ya bajeti inakaa mwezi ujao. Ninachoomba kiingie kwenye kumbukumbu ni mstari mmoja wenye neno "glovu," idadi nne, na jina la mtu atakayetunza daftari. Kabla ya kikao makipa wote, wa vitivo na wa timu kuu, wavulana kwa wasichana, tukutane Jumamosi uwanjani baada ya mazoezi. Futi nitakuja nayo mimi. Tutapima mikono, tutaandika namba, na orodha itapelekwa ikiwa na namba halisi. Namba 7 na 8 ziandikwe juu kabisa na ziagizwe mapema, maana hizo kwa wauzaji wetu huchukua wiki kadhaa kufika.